BERINGI ZA GARI KUUKUU HUNENA KABLA YA KUVUNJIKA

Katika tarafa ya Logiri, kusini ya mji wa Arua, si ajabu kukuta gari ambalo umri wake unawapita watoto wote wa nyumba iliyolinunua. Aghalabu ni Toyota Corolla au Datsun ya miaka ya nyuma, lililopatikana kwa kiinua mgongo cha askari aliyestaafu au kwa akiba iliyowekwa kidogo kidogo, na kazi zake ni nyingi kuliko viti vyake. Siku ya gulio hubeba mihogo na maharagwe, Jumapili hubeba wazee wa kanisani, na usiku wa mashaka humfikisha mama mjamzito hospitali ya Arua. Tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda imekataza kuingizwa nchini magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi, lakini yale yaliyokwisha kuingia yangali barabarani, na wenyewe hawana nia ya kuachana nayo.

Huja siku ambapo gari la namna hii huanza kuvuma. Mvumo huo ni wa chini, mfano wa nyuki walio ndani ya mzinga, nao hupanda kadiri mwendo unavyopanda. Mara nyingi anayeusikia kwanza si dereva, bali mama aliyeketi kiti cha nyuma na mtoto mapajani, kwa kuwa sikio lake liko karibu na gurudumu, na hakuzoea kelele za gari kama alivyozoea mwenye usukani. Mama husema, dereva hujibu kwamba ni tairi, huongeza sauti ya redio, na safari huendelea. Hapo ndipo hasara nyingi huanzia, maana kitu kinachovuma ni beringi, na beringi haivumi bila sababu.

Kazi inayofanywa na kipande hiki kidogo cha chuma ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Gurudumu la Corolla ya zamani, lenye tairi ya inchi 13, huzunguka kadiri ya mara 550 katika kila kilomita. Kutoka Arua hadi Koboko, mwendo wa karibu kilomita 55, gurudumu hilo huzunguka zaidi ya mara 30,000. Na safari moja ya kwenda Kampala hupita robo milioni. Wakati huo wote gurudumu hubeba sehemu yake ya uzito wa gari na abiria, pengine kilo 300, likipigwa na kila shimo na kila jiwe. Chuma kingesuguana na chuma kwa namna hiyo pasipo beringi, kingeungua kabla ya kufika Maracha.

Katika magari ya zamani yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, kila gurudumu la mbele lina kitovu cha chuma ambacho mafundi hukiita habu. Ndani ya habu zimo beringi mbili: kubwa upande wa ndani, ndogo upande wa nje chini ya kifuniko cha bati. Kila beringi ina pete ya ndani inayokaa juu ya ekseli, rola za chuma kigumu zilizopangwa katika kikapu chembamba cha bati, na pete ya nje iliyokazwa ndani ya habu, ambayo huitwa kikombe. Rola hizo hazikunyooka kama kalamu. Upande mmoja ni mnene kuliko mwingine. Umbo hilo lina maana yake. Gari likikata kona, gurudumu halilemewi kutoka juu peke yake, bali husukumwa ubavuni pia, na rola yenye mteremko huweza kustahimili misukumo yote miwili kwa pamoja. Henry Timken, mtengenezaji wa magari ya kukokotwa na farasi katika mji wa St. Louis nchini Marekani, alipata hataza ya beringi ya aina hiyo mwaka 1898, naye alikuwa akitafuta dawa ya magurudumu ya farasi yaliyochakaa konani. Gari la mzee wa Logiri linatembea juu ya fikira ile ile.

Adui wa beringi ni watatu: mzigo, maji na vumbi. Kuhusu mzigo, wahandisi wana hesabu ambayo ingefaa ibandikwe katika kila kituo cha magari ya abiria. Umri wa beringi ya rola haupungui sawasawa na mzigo unavyozidi; hupungua kwa kasi zaidi. Mzigo ukizidi kwa robo, umri wa beringi hukatika karibu nusu. Mzigo ukiwa maradufu, umri unaobaki ni takriban sehemu moja katika kumi. Mwenye gari anayefurahia nauli ya abiria wa saba na gunia juu ya paa hana budi kuitoa humo bei ya beringi, kisha aone faida iliyosalia.

Maji nayo yana hila yake. Barabara kuu ya Vurra, Arua, Koboko na Oraba, yenye urefu wa kilomita 92, iliwekwa lami katika miaka ya 2010, lakini njia nyingi za kuingia vijijini ni za udongo mwekundu, na wakati wa masika vijito hupita juu yake. Gari lililotoka mbali, likiwa limeshika breki mara nyingi, huwa na habu ya moto, na hewa iliyomo ndani huwa imetanuka. Gurudumu likitumbukia ghafula katika maji baridi, hewa hiyo hunywea, na habu huvuta maji kupitia ukingo wa sili, yaani ile pete ya mpira inayozuia grisi isitoke. Tone moja laweza kutosha. Grisi hugeuka nyeupe mfano wa maziwa yaliyoganda, na kutu huanza kazi yake gari likiwa limelala. Kiangazi kikifika, vumbi laini hushika grisi iliyovuja pembeni ya sili na kuingia nayo, na mchanganyiko huo husaga chuma kama jiwe la kunolea. Kwa sababu hiyo, vitabu vya magari ya zamani vinaposema beringi zifunguliwe na kutiwa grisi mpya baada ya kilomita 40,000 au karibu na hapo, mtu wa njia za udongo afanye hivyo baada ya nusu yake, na kila mara gari linapozama maji hadi kufunika habu.

NAMNA YA KUITAMBUA BERINGI MBOVU

Jaribio la kwanza ni la sikio. Kwenye barabara iliyonyooka na tupu, dereva akanyage klachi gari likiwa katika mwendo wa wastani. Mvumo ukibaki vilevile huku injini imetulia, chanzo hakimo katika injini, bali katika kitu kinachozunguka pamoja na magurudumu. Kisha ausogeze usukani polepole kulia na kushoto. Gari likielekea kulia, uzito huhamia magurudumu ya kushoto. Mvumo ukizidi hapo, beringi ya kushoto ndiyo ya kushukiwa, na kinyume chake. Dalili hii hudanganya mara moja moja, kwa hiyo haifai kuwa hakimu peke yake. Mvumo wa tairi iliyolika vibaya, kwa upande wake, hubadilika mara gari linapotoka kwenye lami na kuingia changarawe. Wa beringi haujali sana uso wa njia.

Jaribio la pili ni la mkono, na kwa askari halitakuwa geni. Katika majeshi mengi dereva hufundishwa kwamba msafara unaposimama, kabla ya kuketi kivulini, hupita gurudumu kwa gurudumu akigusa habu. Mwenye gari la nyumbani afanye vivyo hivyo, akitanguliza mgongo wa mkono ili asiungue, na asiguse diski wala dramu ya breki. Joto la wastani si kosa. Linalotafutwa ni tofauti: habu ya kushoto ikiwa yashikika na ya kulia haishikiki, upande wa kulia una beringi inayolalamika au breki inayong'ang'ania. Gurudumu likiinuliwa kwa jeki na kuzungushwa, mvutano wa breki hujulikana upesi.

Jaribio la tatu huhitaji watu wawili, na hapa mke au kijana wa nyumbani ana kazi kubwa kama ya fundi. Gurudumu likiwa juu, mmoja alishike kwa mikono miwili, mkono mmoja juu kabisa na mwingine chini kabisa, alitikise kwa kulisukuma na kulivuta. Likicheza, mwenzake aketi kitini na kukanyaga breki kwa nguvu, kisha litikiswe tena. Mchezo ukitoweka, ubovu umo katika beringi, maana breki imeifunga habu. Mchezo ukibaki, lawama ni ya bolijointi au viungo vingine vya chini, na beringi isifunguliwe bure. Gurudumu likicheza kwa kushikwa ubavuni, kushoto na kulia, viungo vya usukani vichunguzwe kwanza. Wako wenye magari walionunua beringi mpya mara mbili kwa ugonjwa wa bolijointi.

Ipo dalili nyingine ambayo wengi huipeleka kwa fundi wa breki. Gari lenye breki za diski likiwa na beringi iliyolegea, diski huyumba na kuzisukuma pedi nyuma. Dereva akikanyaga breki mara ya kwanza, pedali hushuka chini sana. Akikanyaga mara ya pili hupanda. Mafuta ya breki huongezwa, hewa hutolewa, na ubovu hubaki pale pale.

Anayepuuza dalili hizi zote hafiki mbali. Rola huchimbika, kikapu hukatika, pete ya ndani huungua na kuanza kuzunguka juu ya ekseli na kuila. Mwisho wake ni ekseli kukatika au nati kung'oka, na gurudumu laweza kuondoka pamoja na habu na diski yake, kwa hiyo breki ya upande huo huondoka nalo. Jambo hilo likitokea mteremkoni, kukiwa na watoto ndani na waenda kwa miguu kandokando ya njia, hapana ustadi wa dereva utakaotosha.

KAZI YENYEWE

Kazi ya kufungua beringi za mbele za gari la aina hii yaweza kufanywa uani kwa asubuhi moja, na mtu mwenye subira ambaye si fundi. Vinahitajika jeki, spana, bisibisi, koleo, nyundo, sufuria kuukuu ya kuoshea, mafuta ya taa, vitambaa visivyotoa nyuzi, sili mpya, pini mpya na kopo la grisi ya beringi. Gari lisimame mahali sawa, magurudumu ya nyuma yazuiwe kwa mawe mbele na nyuma, na nati za gurudumu zilegezwe kabla ya kuinua. Likiisha kuinuliwa, liegemezwe juu ya stendi ya chuma au gogo pana lisiloyumba. Matofali hupasuka bila kutoa habari, na jeki peke yake si ya kuaminiwa hata kwa dakika moja. Watoto wakae mbali. Sufuria ya mafuta ya taa hufanana mno na maji machoni pa mtoto mdogo.

Gurudumu likitoka, kwenye breki za diski kalipa hufunguliwa na kutundikwa kwa waya, isiachwe ikining'inia kwa mpira wake. Kifuniko cha bati hutolewa kwa kugongwa taratibu pembezoni. Ndani yake huonekana nati, na katika nati pini iliyokunjwa miguu, ambayo mafundi huiita spliti. Pini inyooshwe na kutolewa, kisha nati, wosha na beringi ya nje, halafu habu yote ivutwe. Beringi ya ndani hubaki nyuma ya sili. Sili ing'olewe na kutupwa, kwa maana sili iliyokwisha kung'olewa haizuii tena maji. Vitu vya upande wa kulia visichanganywe na vya kushoto, kwa kuwa kila beringi imezoeana na kikombe chake.

Kila kitu kioshwe kwa mafuta ya taa hadi chuma kionekane, kisha kikaushwe kwa kitambaa. Petroli isitumike, kwa ajili ya moto. Na ule mchezo wa vijana wa gereji wa kuizungusha beringi kavu kwa upepo wa kompresa hadi ilie kama filimbi ukomeshwe. Beringi hukwaruzika, na rola yaweza kuruka kama risasi.

Beringi safi sasa isomwe mwangani. Rola na kikombe vikiwa na rangi ya kijivu inayong'aa sawasawa, beringi ni nzima. Rangi ya buluu au ya zambarau ni alama ya moto uliopita kiasi. Mistari ya kahawia iliyopangana kwa nafasi sawa na rola ni kutu ya maji yaliyolala humo. Vishimo, hata vile vinavyohisiwa na ukucha tu, ni hukumu. Beringi hiyo haina dawa. Ikibadilishwa, hubadilishwa pamoja na kikombe chake, wala haifai kuweka rola mpya juu ya kikombe cha zamani ili kuokoa fedha kidogo. Kikombe cha zamani hugongwa kutoka nyuma, upande huu na upande ule kwa zamu, na kipya huingizwa kwa fimbo ya shaba au chuma laini kikienda sawa pande zote. Kikifika mwisho, mlio wa nyundo hubadilika na kuwa mzito.

Kutia grisi ni kazi ya kiganja. Bonge la grisi huwekwa kiganjani, na upande mpana wa beringi hukandamizwa ukingoni mwa bonge hilo, tena na tena, hadi grisi itokeze upande wa pili katikati ya rola. Beringi huzungushwa kidogo na kazi hurudiwa hadi duara likamilike. Kupaka grisi nje tu, kama siagi juu ya mkate, ni kujidanganya. Wala wingi si wema: habu iliyoshindiliwa grisi hadi pomoni hupata joto, na grisi hutafuta njia ya kutokea, aghalabu kuelekea kwenye breki. Tabaka la wastani ndani ya habu latosha, na kifuniko kibaki na nafasi. Grisi ya zamani isichanganywe na mpya ya aina nyingine, kwa kuwa baadhi ya grisi zikikutana huyeyuka na kuwa uji.

Inabaki nati, na hapo ndipo gari nyingi huharibiwa na mikono yenye nia njema. Mtu mwenye nguvu, akiogopa gurudumu lisitoke, hukaza nati kwa uzito wake wote. Beringi iliyobanwa hivyo haina nafasi ya kupumua. Ikipata joto hutanuka, hujibana zaidi, na baada ya safari moja au mbili huwa ya buluu. Utaratibu ni huu. Nati ikazwe kwa nguvu ya wastani huku habu ikizungushwa mbele na nyuma, ili rola zikae mahali pake. Kisha ilegezwe kabisa. Halafu ikazwe tena kwa vidole tu, bila spana, hadi iguse. Tundu la pini lisipoonekana, nati irudishwe nyuma kidogo hadi lionekane, isisogezwe mbele. Habu izunguke kwa wepesi, na mchezo uwe mdogo kiasi cha kuhisiwa kwa shida. Wenye kitabu cha gari lao wafuate vipimo vyake kwanza.

Pini iwe mpya. Msumari uliokunjwa au waya wa ua umeonekana katika habu nyingi mno, na kila uliowekwa uliwekwa kwa siku moja tu hadi pini ipatikane.

Maelezo haya si ya kila gari. Corolla nyingi zilizotengenezwa tangu miaka ya katikati ya 1980, pamoja na ile ambayo Uganda hujulikana kama Kikumi, husukumwa na magurudumu ya mbele, na beringi zake za mbele ni za gololi zilizofungwa kabisa, grisi yake ikiwa imetiwa kiwandani. Hazifunguliwi wala kuongezwa grisi. Zikivuma hubadilishwa, na hiyo ni kazi ya gereji yenye mashine ya kushindilia, si ya nyundo. Fundi anayeipiga beringi mpya kwa nyundo upande usiohusika huipa vishimo kabla haijatembea hata hatua. Nati kubwa ya shafti hukazwa kwa nguvu iliyotajwa kitabuni, na gari lisisukumwe wala kuendeshwa nati hiyo ikiwa imelegea. Katika magari yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, beringi ya nyuma nayo huhitaji mashine, na dalili yake ya ziada ni mafuta ya difu kuchuruzika ndani ya dramu na kulowesha breki shuu.

Mnunuzi wa beringi aende dukani na beringi ya zamani mfukoni. Namba iliyochongwa ubavuni mwa pete ndiyo jina lake, na katika beringi nyingi za vipimo vya milimita tarakimu mbili za mwisho, kuanzia 04, zikizidishwa kwa 5 huonyesha upana wa tundu: yenye namba 6205 ina tundu la milimita 25, na 30204 ina tundu la milimita 20. Bandia ziko katika masoko ya dunia nzima, na viwanda vikubwa vimekuwa vikiwaonya wanunuzi. Maandishi yaliyofifia, namba ya sandukuni isiyolingana na ya kwenye chuma, au bei iliyo chini kupita kiasi, yatosha kumrudisha mtu barabarani akatafute duka lingine.

Kazi ikiisha, tarehe na kilomita ziandikwe katika daftari la nyumbani, mahali palipo na hesabu za ada na mbolea. Safari ya kwanza iwe fupi, kwa mfano kutoka Logiri hadi Arua mjini bila mzigo. Hapo gari lisimamishwe kivulini, nati za gurudumu zijaribiwe kwa spana, na mkono upitishwe habu ya kushoto, kisha ya kulia. Zikiwa na joto moja, redio yaweza kufunguliwa.